Boliti Isiyopakwa Rangi

Nadine Ledford alipofika kwa akina Swaim Jumatatu asubuhi, wanawake wa kanisa walikuwa wamekwisha kupita. Meza ya barazani ilijaa vyombo vilivyofunikwa kwa karatasi ya fedha: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi. Hakuna aliyekuwa amevigusa. Mzee Hobart Swaim hakuwa ndani ya nyumba. Alikuwa karakanani, amekaa juu ya tairi, kofia mkononi, akikodolea macho mahali patupu palipozoea kuegeshwa gari namba sitini na moja.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la kuku. Vizimba viling'olewa zamani, sakafu ikamwagwa zege, lakini harufu haikukubali kuhama, na joto la Agosti lilikuwa linaiamsha upya.

"Mzee Hobart, pole sana," Nadine alisema. "Natoka ofisi ya sherifu. Mimi ndiye mpelelezi wa kesi hii."

"Nakujua. Binti wa Harley Ledford wa kinu cha mbao. Kaa hapo kwenye ndoo." Mzee hakumtazama. "Umeshamkamata?"

"Nani?"

"Dewey Rusk! Nani mwingine? Uwanja mzima wa Brushfork ulimwona. Alimsukuma mwanangu ukutani kama anasukuma toroli la samadi."

Ndivyo watu walivyosema, na Nadine alikuwa na maelezo yao kwenye mkoba. Jumamosi alasiri, katikati ya mbio za magari, kona ya tatu, gari la Dewey liligusa ubavu wa nyuma wa gari la Garland Swaim. Garland akapoteza mwelekeo, akaenda kuupiga ukuta kwa pua. Haikuwa ajali kubwa. Madereva wengi waliwahi kuupiga ukuta ule kwa nguvu zaidi, wakatoka wanatukana na kutupa kofia chini. Garland hakutoka. Wiki moja kabla, yeye na Dewey walipigana ngumi kwenye eneo la maegesho, na wote wawili walikwenda nyumbani na midomo iliyovimba.

"Nitamhoji leo," alisema Nadine. "Niambie kwanza, gari liliguswa na nani kabla ya mbio?"

"Mimi, Garland na Ferrell. Timu ndiyo hiyo. Tungekuwa na mtu wa nne tungemlisha nini?"

Ferrell, mwana mkubwa, alikuwa amesimama kwenye benchi la kazi mwisho wa banda, akifuta spana kwa kitambaa. Spana ilikuwa safi. Yeye ndiye fundi. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kwa miaka ya kuingiza kichwa ndani ya boneti, na tangu Nadine aingie hakuwa ametoa hata salamu.

"Gari la kwanza nililinunua kwa kaunti yenu hiyo hiyo," mzee aliendelea, kana kwamba ameulizwa. "Nimerudi kutoka vita vya Korea, sina kazi. Sherifu wa wakati ule alikamata gari la wasafirisha gongo akalipiga mnada. Nikalichukua. Mke wangu Opal akashona nguo za timu kwa mapazia ya mama yake. Nikaendesha mwenyewe mpaka mguu ulipovunjika, ndipo Garland akakaa kwenye usukani. Tangu siku hiyo ya kwanza hatujakosa mbio za Jumamosi hata moja. Theluji, mvua, msiba. Opal tulimzika Ijumaa, Jumamosi tukashuka uwanjani."

"Mliwahi kushinda?"

Mzee alinyoosha kidole ukutani. Palikuwa na picha moja ya rangi iliyopauka. Garland kijana, kikombe kidogo mkononi, anacheka hadi fizi zinaonekana. "Wa pili. Mwaka wa sabini na moja. Gari lingeshika mizunguko miwili zaidi, tungekuwa wa kwanza." Akavaa kofia, akaivua tena. "Siku hizi wenzetu wanakuja na malori yenye viyoyozi. Sisi mdhamini wetu ni duka la chakula cha kuku, na anatulipa kwa chakula cha kuku. Kuku wenyewe tulishawatoa."

Nadine alisimama. Ndipo Ferrell alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Gari liko wapi?"

"Kwenye yadi ya sherifu. Hakuna anayeruhusiwa kulisogelea."

"Mmeliinua?"

"Kuliinua?"

"Mmelitazama chini?"

"Bado," alijibu Nadine.

Ferrell alitikisa kichwa, akarudi kwenye spana yake.

*

Yadi ya sherifu ilikuwa nyuma ya jela, uwanja wa kokoto wenye uzio wa seng'enge. Namba sitini na moja lilikuwa kwenye kona, pua imekunjamana, nyuma zima. Nadine alivaa glovu, akapiga magoti mlangoni, au mahali ambapo gari lingekuwa na mlango. Magari ya mbio hayana, dereva huingia kwa dirisha.

Daktari wa kaunti alikuwa amesema naye kwa simu. Kifua cha Garland kilipiga usukani. Jambo hilo lisingewezekana kama mikanda ingemshika, na mikanda haikukatika. Nadine aliivuta yote, mmoja mmoja. Kitambaa kilikuwa kizima. Mikanda ya kiuno ilikuwa imara. Mikanda ya mabega ilipita juu ya kiti hadi kwenye bomba la chuma nyuma yake, na pale kila mmoja ulifungwa kwa boliti yake. Mmoja ulikuwa bado umeshika. Mwingine ulifuatana na mkono wake alipouvuta, ukaja wote, hauna kitu mwishoni.

Kipande cha boliti kilikuwa kimebaki ndani ya bomba. Kichwa chake alikipata sakafuni, chini ya kiti, katikati ya vumbi na vipande vya kioo. Alikiweka kiganjani.

Boliti nyingine zote ndani ya gari zilikuwa nene, na vichwani zilikuwa na mistari ya alama inayoonyesha chuma cha kazi nzito. Hii ilikuwa nyembamba, na kichwa chake kitupu. Boliti ya dukani, ya kufungia rafu au lango. Imekatika kama kijiti.

Nadine alikaa muda akitazama ndani ya gari. Kitu kilikuwa kinamsumbua na hakikuwa wembamba wa boliti. Mabomba yalikuwa meusi. Sakafu nyeusi. Kila nati, kila boliti, kila kibano kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi kwa brashi, kwa uangalifu wa mtu mwenye subira. Kichwa kilichokuwa kiganjani mwake kilikuwa cheupe, kinang'aa kama sarafu mpya.

*

Dewey Rusk alikutwa nyuma ya karakana ya timu yake, jengo la bati jipya lenye vioo mbele, akimimina karanga ndani ya chupa ya kola. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene, na mdomo wake bado ulikuwa na kovu la ngumi ya Garland.

"Nilijua utakuja," alisema. "Ndiyo, nilimgusa. Nilitaka anipishe. Hizo ndizo mbio zetu, bibie. Angekuwa mbele yangu mama yangu, ningemgusa pia."

"Na ngumi za wiki iliyopita?"

"Aliniita dereva wa kununuliwa na matajiri. Nikamwita fukara. Wote tulisema kweli, ndiyo maana tukapigana."

"Jumamosi asubuhi ulionekana uwanjani kwenye sehemu ya akina Swaim. Mtu mmoja anasema ulikuwa unazunguka gari lao, unaangalia huku na huku kama mwizi."

Dewey alitazama mlango wa karakana, akashusha sauti. "Hili jambo bosi wangu asilisikie."

"Sikuahidi kitu."

"Ilikuwa habari ya tairi." Alikunywa kola, akatafuna. "Sisi tukishatumia tairi nusu mbio, tunatupa. Zile za akina Swaim zilikuwa zimeisha mpaka nyuzi zinaonekana. Kwa hiyo zetu mimi huzificha nyuma ya choo, na Ferrell anakuja kuzichukua. Misimu mitatu sasa. Mzee hajui. Akijua zinatoka kwangu atazichoma moto. Anaamini Ferrell anazinunua kwa jamaa wa mji mwingine. Garland alikuwa anajua. Unafikiri ngumi zilitoka wapi? Mtu anakuonea huruma kila wiki, siku moja utataka kumpiga."

"Jumamosi Ferrell alikuja?"

"Alikuja. Mzee alimtuma akatafute tairi, naye akaja kwangu moja kwa moja. Kabla hajafika nilikuwa nimekwenda kumwita, sikumkuta, ndipo nikaonekana nazunguka kama mwizi. Baadaye tukapakia wote."

"Alikuwaje?"

"Ferrell? Ferrell hana kuwaje. Ni kama ukuta." Dewey alitikisa chupa yake. "Ila siku hiyo aliniuliza kitu. Akaniuliza kama gari lao limeshakaguliwa. Nikamwambia sijui. Akauliza tena. Baadaye alipita kijana wetu mmoja, akasema ndiyo, ameona stika ya ukaguzi kwenye kioo cha sitini na moja. Wamepita."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alikunja uso tu, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoielewa. Kisha akapumua, akabeba tairi zake."

Nadine alifunga daftari lake. Dewey alimwita akiwa ameshafika kwenye gari.

"Bibie. Ule mguso haukuwa wa kuua. Mimi nimeguswa hivyo mara nyingi kuliko nilivyobusiwa. Uwaambie watu."

*

Mkaguzi wa magari uwanjani Brushfork aliitwa Wendell Tate. Siku za wiki alikuwa kinyozi mjini. Nadine alimkuta katikati ya kazi, na alipomwona akiingia, Tate alizima mashine, akamfuta mteja shingo. "Earl, nenda kanywe kahawa." Earl akatoka mlangoni na nusu ya kichwa, bila kuuliza.

"Nilikagua," Tate alisema kabla ya swali. "Kama kila Jumamosi. Tairi, tangi, mikanda. Nikabandika stika."

"Mikanda unaikaguaje?"

"Naingiza kichwa dirishani, namulika tochi, naivuta. Naanza na mabega. Kila mtu anajua naanza na mabega."

"Na boliti zake unazitazama?"

"Lazima."

Nadine alitoa mfuko mdogo wa plastiki, akauweka juu ya kaunta, kati ya vitana na chupa ya manukato. Kichwa cha boliti kilimeremeta chini ya taa.

"Hii ilikuwa nyuma ya bega la Garland. Kila kitu pembeni yake kimepakwa rangi nyeusi. Sasa nieleze, bwana Tate. Umemulika tochi gizani. Hukuiona?"

Tate alikitazama kile kichwa, kisha akajitazama kwenye kioo kikubwa kilichokuwa mbele yake, akaondoa macho haraka.

"Labda waliibadilisha baadaye."

"Baada ya stika gari lilikwenda moja kwa moja kwenye mstari. Nina watu wanne wanaosema hivyo. Garland alikuwa ndani."

Tate alivuta kiti cha wateja akakaa yeye. Alichukua taulo akaanza kulikunja, akalikunjua, akalikunja.

"Sikuingiza kichwa," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu lile ni gari la Hobart Swaim! Unataka nilitazame? Nikilitazama itabidi nilikatae. Lina viraka kuliko suruali ya mkulima. Sheria ikifuatwa, lile gari lisingeshuka uwanjani tangu watoto wangu wako shule ya msingi. Mwenye uwanja anataka magari yajae, watu wamelipa kiingilio. Na yule mzee anakuja amevaa kofia yake, ananisalimia, anauliza hali ya mke wangu. Nifanyeje? Nabandika stika, natazama pembeni. Ilikuwa hisani, Nadine. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimfanyia hisani."

"Nani anajua kwamba hutazami?"

"Hakuna. Ningemwambia nani? Kwao mimi ni mkaguzi mkali. Najitahidi nionekane mkali."

Nadine alirudisha mfuko mkobani. Mlangoni alipishana na Earl, aliyekuwa amebeba kikombe cha kahawa na ameshikilia kofia upande ambao haukuwa umenyolewa.

Alikaa ndani ya gari lake bila kuwasha injini. Anayetaka kuua kwa boliti mbovu huipaka rangi. Anaifanya ifanane na wenzake, anaificha. Aliyeiweka hii alikuwa na rangi na brashi mkononi mwake kila siku, na hakuitumia. Akachagua mkanda wa bega, mahali mkaguzi anapoanzia. Akachagua boliti inayong'aa, itakayorudisha mwanga wa tochi. Mtu huyo hakutaka gari lipate ajali. Alitaka likataliwe.

Alishuka, akaenda kwenye simu ya barabarani, akaagiza mambo mawili: fundi wa yadi aliinue namba sitini na moja juu ya magogo, na Ferrell Swaim aitwe kutambua vipuri.

*

Ferrell alikuja na lori lao la zamani, akaegesha nje ya uzio. Nadine alimfungulia lango na kumwambia kitu kimoja tu: "Litazame, uniambie unachokiona." Kisha akarudi nyuma, akaegemea uzio.

Mikanda ilikuwa inaning'inia dirishani, imetolewa nje ili ionekane. Ndugu yake alikuwa amekufa kwa mikanda ile. Ferrell aliipita bila kuitupia jicho. Alilala chali kwenye kokoto, akajisukuma kwa visigino hadi kichwa na kifua vikawa chini ya gari, sehemu ya nyuma ya kiti. Nadine aliona mkono wake ukipapasa chuma, ukienda, ukirudi, ukipapasa tena mahali palepale. Halafu mkono ukatulia.

Alibaki chini kule kwa muda mrefu. Alipotoka hakuinuka. Alikaa palepale juu ya kokoto, miguu mbele kama mtoto.

"Imeshika," alisema.

"Nini kimeshika?"

"Chasisi."

"Ferrell, kabla hujaongeza neno, unayo haki ya kunyamaza. Na unayo haki ya kuwa na wakili."

"Nimenyamaza vya kutosha." Alijipangusa uso kwa mkono wenye vumbi la kutu. "Ilipasuka mwaka juzi, hapo nyuma ya kiti. Nikachomelea. Ikapasuka tena, nikachomelea juu ya ule mshono. Mwezi wa sita ikapasuka ya tatu. Chuma kikichomelewa hivyo kinakuwa kama biskuti. Nikamwambia baba gari hili likipiga ukuta litakatika katikati na Garland atabaki kila upande nusu. Akanicheka. Akasema kama naogopa nikakae kanisani na wanawake. Garland naye akacheka. Garland alicheka kila baba alipocheka."

"Ukataka mkaguzi awakatalie."

"Akikataa Tate, baba anakubali. Sheria anaiheshimu. Mimi ndiye hanisikii. Nikaona nitaweka kitu ambacho hata kipofu atakiona. Nikafungua boliti ya lango la bustani ya mama. Jumamosi asubuhi nikaifunga. Nikasema Tate atamulika, atafoka, ataturudisha nyumbani, na nitakuwa nimepata wiki nzima ya kutafuta chasisi nyingine."

"Na ulipoiona stika?"

"Nikafikiri wameiona wakaibadilisha. Kopo la boliti nzuri lilikuwa wazi kwenye lori letu. Nikamuuliza baba, wamesema nini? Akasema, wamesema tuko sawa. Garland alikuwa ameshafungwa ndani. Akanitolea mkono dirishani, kama kawaida yetu. Nikaushika. Boliti ilikuwa nyuma ya bega lake, ningepeleka tu vidole. Sikupeleka."

"Kwa nini?"

"Angeuliza natafuta nini."

Upepo ulipita kwenye uzio. Ferrell alitazama tena chini ya gari, kwenye ule mshono aliouchomelea mwenyewe mara tatu, mnene, mbaya, mzima.

"Ningeiacha tu boliti yake," alisema, "saa hizi angekuwa anakula chakula cha wale wanawake."

*

Mwendesha mashtaka wa kaunti alimsikiliza Nadine kwenye simu mpaka mwisho. Kuhusu Wendell Tate alisema hakuna kesi; mtu anajitolea, uwanja ni mali ya mtu binafsi, kamati yao itamwonya. Kuhusu boliti alisema kesi ipo, na jina lake ni kuua bila kukusudia.

"Mkaguzi hakukagua," Nadine alisema.

"Na kinyozi hakuweka boliti. Mlete huyo fundi."

Ferrell aliomba jambo moja. Alitaka baba yake asilisikie kwa mtu mwingine. Nadine alimchukua ndani ya gari lake bila pingu, akampeleka hadi nyumbani, akasimama naye barazani hatua moja nyuma. Mzee Hobart alikuwa sasa amekaa karibu na meza ya vyakula. Alikuwa amefunua chombo kimoja lakini hakuwa amekula.

Ferrell alisimulia yote amesimama: mshono, lango la mama, boliti, stika. Alisimulia kwa sauti ya mtu anayesoma hesabu ya vipuri. Mzee hakumkatisha.

"Ungeniambia," Hobart alisema hatimaye.

"Nilikuambia, baba."

"Ungeniambia tena."

Mzee alishika ukingo wa meza, akajiinua. Mguu uliovunjika ulimchukua muda kuunyoosha. Alimpita mwanawe, akaja kusimama mbele ya Nadine, karibu sana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama machoni.

"Toa daftari lako, binti wa Harley. Andika ni mimi."

"Mzee Hobart."

"Andika! Huyu amechanganyikiwa, amefiwa, hajui anachosema. Zile boliti nzuri ziliniishia. Nikachukua ya lango, nikaifunga, nikasahau. Uzee. Mkimfunga mzee, mtamfunga kwa siku ngapi? Mimi nimekwisha. Huyu bado."

"Baba, acha," Ferrell alisema.

"Wewe nyamaza! Wakubwa wanaongea."

Nadine alitoa daftari. Alilifungua ukurasa mpya, akaandika jina la mzee juu, na saa.

"Uliifunga lini?"

"Jumamosi. Alfajiri. Wao wamelala."

"Kwa nini hukuipaka rangi?"

"Macho yangu. Sikuona."

Nadine alikuwa na swali moja tu lililobaki. Jibu lake hakuwa amemwambia mtu, si Dewey, si Tate, si hata Ferrell, na Ferrell mwenyewe hakuwa amelitaja katika maelezo yake pale barazani. Alilishikilia kidogo. Mzee alikuwa amenyoosha mgongo, kidevu juu, kama mtu anayesubiri bendera ya kuanzia mbio.

"Mikanda ya mabega iko miwili, mzee. Uliifunga kwenye upi?"

Macho ya Hobart yakamkwepa Nadine, yakaenda kwa mwanawe, yakaomba. Alikuwa mwenye timu tangu vita vya Korea, na hakuwa ameingiza kichwa ndani ya lile gari kwa miaka.

"Wa kushoto," alisema.

Kalamu ya Nadine ilibaki juu ya karatasi.

"Wa kulia, baba," Ferrell alisema taratibu, kwa sauti ileile aliyotumia maisha yake yote kumwambia baba yake spana ipi ashike. Kisha akashuka ngazi za baraza, akaliendea gari la polisi, akajifungulia mwenyewe mlango wa nyuma.